Mgonjwa wa saratani ya ini anapobanwa pumzi: ijulikane kwanza kinachombana

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, ni mkulima wa mahindi na karanga huku Kondoa. Mwezi wa tatu aliambiwa ana saratani ya ini, na damu ikaonyesha ana homa ya ini B. Sasa ni wiki ya tatu anakohoa kikohozi kikavu, akipanda ngazi za barazani anahema, na usiku hawezi kulala chali. CT skani aliyopigwa Dodoma imeonyesha vinundu vidogo vingi kwenye mapafu yote mawili na maji upande wa kulia. Tumbo nalo limeanza kujaa. Mara mbili tumeona uzi wa damu kwenye makohozi. Daktari anataka kumvuta maji ya kifuani, lakini baba mkubwa amekataa, anasema wote aliowaona wakivutwa maji hawakumaliza mwezi. Jirani anashauri aanzishiwe dawa za TB. Shemeji yeye anataka tununue mtungi wa oksijeni. Hospitali walitaja morfini, mama akalia. Je, ana kansa mbili? Hajavuta sigara maisha yake yote. Tushike lipi?"

Marahaba. Poleni sana kwa kuuguza, na mama umpe pole yangu. Umenieleza vizuri: zile ngazi, kushindwa kulala chali, ule uzi wa damu. Hayo ndiyo mambo ambayo daktari hupenda kuyasikia kabla hajaitazama picha. Nitagusa yote uliyouliza, ila nianze na lile ambalo washauri wenu wamelipita. Kila mmoja amekuja na dawa yake mkononi, na hakuna aliyeuliza ni nini hasa kinachombana mzee pumzi. Mgonjwa wa saratani ya ini anaweza kubanwa pumzi na mambo mengi, na mara nyingi mawili au matatu yanamkuta kwa pamoja. Mengine yanapungua siku hiyo hiyo, mengine kwa vidonge vya wiki kadhaa. Na vile vinundu vilivyowatisha wote huenda ndivyo vinavyomsumbua kidogo kuliko yote.

Baba yako hana saratani mbili. Kwa picha hiyo, yaelekea ni saratani moja, ya ini, iliyosambaa hadi kwenye mapafu. Kipande cha kinundu cha pafuni kikitazamwa kwa hadubini, kinaonyesha seli zenye asili ya ini. Ndiyo maana sigara hamna haja ya kuitafuta hapa, na ndiyo maana dawa za saratani inayoanzia kwenye mapafu hazimhusu. Njia iliyopitwa inaeleweka ukifuata damu. Damu yote inayotoka kwenye ini huingia kwenye mshipa mkuu unaopanda hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma moja kwa moja kwenye mapafu. Humo mishipa hugawanyika hadi kuwa myembamba kuliko unywele, na mapafu yakawa kama chekecheke: seli ya saratani iliyochomoka kwenye ini hunasa hapo kabla ya kufika popote pengine. Saratani ya ini inapotoka nje ya ini, mapafu ndiyo yanayofikiwa mara nyingi zaidi, kisha tezi za limfu na mifupa.

Lakini mapafu yana akiba kubwa. Kuna watu wanaoishi na pafu moja na wanafanya kazi zao. Vinundu vidogo, hata vikiwa vingi, kwa kawaida havichukui nafasi ya kutosha kumfanya mtu aheme, na wagonjwa wengi wa namna hii hugundulika kwa picha tu, bila kikohozi wala pumzi fupi. Kwa hiyo mzee akihema kwa ngazi za barazani, mimi siharakishi kusema ni vinundu.

Kwa ulivyoeleza, ninayemshuku kwanza ni yale maji ya upande wa kulia, akisaidiwa na tumbo lililojaa. Pafu limezungukwa na utando wenye nafasi nyembamba sana, yenye maji kidogo ya kulainisha tu. Nafasi hiyo ikijaa lita moja au mbili, pafu husukumwa na kusinyaa. Akilala chali maji yanasambaa nyuma ya pafu lote, na tumbo nalo linasukuma juu kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndiyo maana usiku anatafuta kukaa.

Maji hayo yanaweza kuwa ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua matibabu. Aina ya kwanza hutokana na ini lenyewe kuchoka. Ini likikakamaa, shinikizo la damu ndani ya mishipa yake hupanda, protini ya albumini hupungua, mwili hushika chumvi, na maji hujikusanya tumboni. Kwenye kiwambo huwa kuna vitundu vidogo sana, hasa upande wa kulia. Kila anapovuta pumzi, kifua hunyonya maji kutoka tumboni kupitia vitundu hivyo. Wengi wa wagonjwa wenye maji ya aina hii huyapata upande wa kulia, kama baba yako. Aina ya pili ni maji yanayotokana na saratani kuota kwenye utando wenyewe wa pafu. Haya mara nyingi huwa na damu damu, na hurudi upesi.

Kwa macho huwezi kutofautisha kwa uhakika. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuvuta maji: yapelekwe maabara yakapimwe protini, seli za saratani, wadudu na TB. Sababu ya pili ni nafuu.

Sasa niseme na baba mkubwa kwa heshima zote, kwa sababu alichokiona ni kweli, ila sababu siyo hiyo. Kwetu maji huvutwa kwa kuchelewa, mgonjwa akiwa ameshaishiwa kabisa. Akifariki wiki mbili baadaye, kinachokumbukwa ni sindano, hakikumbukwi kwamba ugonjwa ulikuwa umefika mbali. Kuvuta maji hakuisambazi saratani na hakumalizi nguvu kama watu wanavyodhani. Kuna hatari zake, na ninyi mna haki ya kuzijua: hewa kuingia kwenye nafasi ya pafu, kutoka damu, maambukizi, na pafu kuvimba maji likitanuka ghafla mno. Hupungua sana zoezi likifanywa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzee anakaa kitandani miguu ikining'inia, ameegemeza mikono juu ya mto uliowekwa mezani mbele yake. Daktari anatafuta maji kwa ultrasaundi na kuweka alama mgongoni. Ngozi inachomwa ganzi, kisha sindano inapitishwa juu ya ukingo wa ubavu, kwa sababu mishipa hupita chini yake. Maji yanatoka taratibu, na kwa kawaida hayazidishwi lita moja na nusu kwa mara moja. Akianza kukohoa mfululizo au kuhisi kifua kizito, aseme, wasimamishe. Muulize daktari kama ana ultrasaundi chumbani. Kama hana, na mzee hayuko katika hali ya dharura, ni afadhali asogezwe hospitali yenye nayo.

Yakionekana ni maji ya ini, kuna jambo nataka ulishike. Msikubali aachiwe mpira wa kifuani siku nyingi bila kuuliza sababu. Maji ya ini hayaishi kwa mpira. Yanatoka mfululizo na yanaondoka na protini na chumvi za mwili, figo zinalegea, vijidudu vinaingia. Hapo tiba ni kuyapunguza kwenye chanzo: chumvi kidogo kwenye chakula, vidonge vya kukojoza kama spironolaktoni na furosemidi huku damu ikipimwa figo na madini, na kuvuta maji ya tumboni. Mara nyingi tumbo likipunguzwa kwanza, kifua nacho kinapata nafuu. Yakivutwa zaidi ya lita 5 tumboni, hospitali inapaswa kumrudishia albumini kwa dripu, kiasi cha gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka, figo zisije zikafa ghafla. Ulizeni mapema kama ipo; isipokuwepo, ni salama zaidi kutoa kidogo kidogo.

Yakiwa ni ya saratani na yanarudi rudi, kuna njia mbili nzuri. Moja ni kugandisha utando kwa poda ya talki ili nafasi ya maji ifungwe. Nyingine ni kumwekea mrija mwembamba wa kudumu ambao ninyi wenyewe mtafundishwa kuufungua nyumbani. Zote zinafaa kwa mtu ambaye pafu lake bado linatanuka na ambaye bado ana nguvu za kufaidi nafuu hiyo. Kwa aliyelegea sana, kuvuta kwa sindano pale tu inapobidi kunatosha.

Niingie kwenye TB, maana ushauri wa jirani una hatari ndani yake, ingawa haukutoka hewani. Nchi zetu zina TB nyingi, na mgonjwa wa saratani kinga yake iko chini. Kikohozi cha wiki tatu na uzi wa damu vinatosha kabisa kumpima, na siyo kila kinundu kwenye picha ni saratani. Kwa hiyo apimwe: makohozi yaende kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo ipo hospitali nyingi za wilaya, na maji ya kifuani nayo yapimwe. Nisichokubali ni kuanzishiwa dawa kwa kubahatisha. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuumiza ini, na ini la baba yako halina akiba ya kuchezea. Nimewaona wagonjwa walioanzishiwa dawa za TB bila kipimo, macho yakageuka manjano, wakaanza kuchanganyikiwa, na TB yenyewe haikuwahi kuwepo. Ikithibitika anayo, kuna namna ya kupanga dawa zinazolihurumia ini, na hilo litafanywa na daktari anayejua kwamba ana saratani.

Jambo la tatu ambalo halipaswi kusahaulika ni damu iliyoganda. Saratani kwa ujumla huifanya damu igande kwa urahisi, na ya ini ina tabia ya kuota ndani ya mishipa yake yenyewe, wakati mwingine ikapanda ndani ya mshipa mkuu hadi moyoni. Kipande kikimeguka kinaziba mshipa wa pafu. Dalili yake ni pumzi kukatika ghafla, ndani ya dakika au saa, pengine na maumivu ya kuchoma kifuani na moyo kwenda mbio, au mguu mmoja ukawa umevimba na kuuma zaidi ya mwenzake. Dawa za kuzuia damu isigande zipo, lakini kwa mgonjwa wa ini hazitolewi bila kufikiri, kwa sababu huenda kwenye koo la chakula ana mishipa iliyovimba inayoweza kupasuka. Daktari atapima uzito wa pande zote mbili, na pengine atataka kamera ya tumboni kwanza.

Mengine nayataja haraka ili myaulizie. Upungufu wa damu peke yake unamfanya mtu aheme, na unajulikana kwa kipimo rahisi. Nimonia huleta homa na makohozi yenye rangi. Ini lililovimba linauma kila anapovuta pumzi, hasa chini ya mbavu za kulia na hata begani, naye akawa anapumua juu juu kukwepa maumivu. Huyo anatibiwa maumivu, pumzi inarudi. Na kuna hali moja ya ajabu: mishipa ya mapafu hutanuka kwa sababu ya ini bovu, mgonjwa akapumua vizuri zaidi akilala kuliko akikaa. Baba yako ni kinyume chake, kwa hiyo simfikirii huko, lakini hali ikigeuka mwambieni daktari.

Kuhusu damu kwenye makohozi, uzi mwembamba mara moja moja hauhitaji kukimbizwa usiku, ila uripotiwe. Hakikisheni kama inatoka kifuani au tumboni. Inayokoholewa huwa nyekundu, ina povu, imechanganyika na makohozi. Inayotapikwa mara nyingi huwa nyeusi kama masalia ya kahawa, au ikamwagika nyekundu nyingi ghafla, na choo kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni ile mishipa ya koo la chakula, na ni dharura ya saa ile ile. Damu ya kifuani ikizidi, kuna dawa ya traneksamiki ya kupunguza utokaji, na kuna mionzi ya siku chache inayoweza kukausha kinundu kinachovuja. Mionzi hiyo kwa Tanzania inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Muwe na kanga au taulo la rangi iliyoiva karibu na kitanda. Damu ikimwagika kwenye shuka jeupe inaonekana nyingi maradufu, na hofu inamnyima mgonjwa ile pumzi kidogo iliyobaki.

Sasa swali ambalo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari: je, saratani yenyewe inatibika? Ikishafika kwenye mapafu, sisemi uongo, kuponya kabisa si jambo ninaloweza kukuahidi. Kuna dawa zinazoichelewesha. Kwa mtu ambaye ini lake bado linafanya kazi vizuri, vidonge vya sorafenibu, katika utafiti mkubwa uliovipa kibali mwaka 2007, vilipandisha kipimo cha kati cha maisha kutoka miezi 7.9 hadi 10.7. Baadaye ikaja lenvatinibu. Kisha mwaka 2020 ukaanza kutumika mchanganyiko wa atezolizumabu na bevasizumabu, unaoamsha kinga ya mwili na kunyima saratani mishipa ya damu. Ule uliongeza muda zaidi, kipimo cha kati kikafika miezi 19.2 dhidi ya 13.4 ya sorafenibu. Kipimo cha kati maana yake nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo na nusu chini ya hapo.

Takwimu hizo ni za watu waliochaguliwa, wenye ini imara na nguvu za kutembea. Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe kwa ajili ya dawa hizi, muulizeni daktari swali moja: "Ini la baba liko kundi gani, A, B au C?" Kundi hilo linatokana na mambo matano: nyongo kwenye damu, albumini, muda wa damu kuganda, maji ya tumboni, na akili kuchanganyikiwa. Akiwa A, mazungumzo ya dawa yana maana. Akiwa C, dawa hizo zitamwongezea kuhara, vidonda vya viganja na uchovu bila kumwongezea siku, na fedha ile ingefaa kumpa nafuu na kuiacha familia imesimama. B ni katikati, na hapo hali yake binafsi ndiyo inayoamua. Kwa kuwa tumbo limeshaanza kujaa, nina wasiwasi kwamba hayuko A, ila vipimo ndivyo vitakavyosema. Bevasizumabu inaweza kumfanya mtu atokwe na damu, kwa hiyo huyu mwenye uzi wa damu asipewe kabla hajapimwa kwa kamera na kifua hakijachunguzwa. Na yeyote anayetumia dawa za kuamsha kinga akianza kikohozi kipya, arudi haraka, kwa kuwa dawa zenyewe zinaweza kuvimbisha mapafu.

Dawa ya tenofovia ya kushusha virusi vya homa ya ini B aanze kama bado hajaanza, hata kama hakuna tiba nyingine. Inalinda kile kidogo cha ini kilichobaki. Na kama daktari atampa deksamethasoni kupunguza uvimbe au maumivu ya ini, tenofovia inakuwa ya lazima, maana deksamethasoni inaweza kuviamsha virusi.

Mtungi wa oksijeni. Shemeji ana nia njema, lakini asinunue kwanza. Oksijeni humsaidia mtu ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka. Kipimo kinavalishwa kidoleni, hakiumi, na hospitali nyingi zinacho. Ikiwa chini ya asilimia 90, oksijeni ina kazi ya kufanya. Ikiwa 95 na bado anahema, mtungi hautamfaa: wagonjwa wa namna hii walipolinganishwa, wengine wakipewa oksijeni na wengine hewa ya kawaida kwa mirija ile ile ya puani, nafuu ilikuwa sawa. Kilichowasaidia ni upepo puani. Kwa hiyo feni ndogo, au kupepewa na ungo usoni, kuanzia shavuni hadi puani, kwa dakika tano, kunatuliza ubongo usihisi kukosa hewa. Jambo hilo limepimwa na linafanya kazi. Mkija kuhitaji oksijeni kweli, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani ni rahisi kuitunza kuliko mtungi, mradi umeme ni wa uhakika, na chumba hicho kisiingie jiko la mkaa wala kibatari.

Morfini. Mwambie mama kwamba daktari aliyeitaja hakuwa anamkatia mzee tamaa. Kwa dozi ndogo ya kunywa, morfini hupunguza hisia ya kukosa hewa kwenye ubongo wenyewe, na ikipangwa vizuri haiui wala haimfanyi mtu mlevi. Hata mgonjwa anayeendelea na matibabu mengine huipewa. Kwa baba yako kuna tahadhari tatu. Ini lake huchelewa kuiondoa mwilini, kwa hiyo dozi huanza chini, kama miligramu 2.5, na nafasi kati ya dozi huongezwa ikawa saa 6 hadi 8 badala ya 4. Morfini ya maji ina nguvu tofauti tofauti, hivyo kila mnapopewa chupa mpya someni miligramu kwa mililita na mmwombe mfamasia awaonyeshe kwa sirinji mstari wa kuishia. Na inafunga choo. Kwa mgonjwa wa ini choo kikifunga sumu hupanda kichwani akachanganyikiwa, kwa hiyo iambatane na laktulosi tangu siku ya kwanza, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akisinzia kupita kawaida, akijibu ovyo, au mikono ikipiga kama mabawa akiinyoosha mbele, msimpe dozi inayofuata, mpigieni daktari.

Dawa za dukani mziogope zaidi ya morfini. Diklofenaki na ibuprofeni huua figo za mgonjwa wa ini na kumfanya atokwe na damu, na ndizo zinazouzwa kwa urahisi kuliko zote. Parasetamoli anaweza kutumia, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Diazepamu ya kumtuliza usingizi asipewe bila daktari. Mitishamba ya kuchemsha nayo naomba isimamishwe. Najua inatolewa kwa upendo, lakini mingine ni sumu ya ini na hatuwezi kujua ni ipi.

Nyumbani, alale kichwa na mgongo vimeinuliwa kwa mito, au akae akiinamia meza. Ubavu wa kulalia mwacheni achague mwenyewe. Mfundisheni kuvuta pumzi puani na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza uji wa moto, hasa kabla ya ngazi. Milo iwe midogo ya mara nyingi, kwa sababu tumbo likishiba linapanda kifuani. Na msimnyime mayai, samaki, maharage na nyama kwa kusikia kwamba protini ni mbaya kwa ini. Misuli ya kupumua inajengwa na hivyo hivyo.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri kliniki akipata lolote kati ya haya: pumzi iliyokatika ghafla, midomo au kucha kuwa za bluu, kushindwa kumaliza sentensi, damu ya kukohoa inayofikia vijiko kadhaa au zaidi, kutapika damu au choo cheusi, homa, maumivu makali ya tumbo lililojaa maji, mguu mmoja kuvimba, au kuchanganyikiwa. Damu nyingi ikitoka kifuani njiani, mlazeni ubavu wa upande unaotoka damu kama unajulikana, ili pafu jingine libaki safi.

Wiki hii, kabla ya zoezi la kuvuta maji, ombeni mambo matano kwa jina: wingi wa damu, muda wa damu kuganda, figo, makohozi ya GeneXpert, na kipimo cha oksijeni kidoleni akiwa amekaa na baada ya kutembea hatua chache. Ombeni pia rufaa ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Ocean Road wanayo, na hospitali kubwa za kanda zina wauguzi waliosomea. Wao ndio wanaojua kupanga morfini na kuwatembelea au kuwapigia simu. Tiba shufaa haianzi pale matibabu yanapoishia, ianze sasa. Na baba mwenyewe aulizwe. Katika barua yako nimesikia maoni ya baba mkubwa, jirani, shemeji na mama, sijasikia yake. Anataka kujua kiasi gani? Anataka kutibiwa Dar, au anataka kuwa karibu na shamba lake? Ukimuuliza akiwa ametulia, saa ya pumzi nzuri, atakujibu.

La mwisho ni lenu ninyi mnaomuuguza. Saratani haiambukizi, na kikohozi chake hakiwezi kuwapa saratani. Kama si TB, kuleni naye, mshikeni, lalani naye chumba kimoja. Virusi vya homa ya ini B vyenyewe ndivyo vinavyoambukiza, kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto, si kwa kikombe wala sahani. Wembe na mswaki wake viwe vyake peke yake, na anayesafisha damu avae glavu. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, maana yake wewe na ndugu zako mliozaliwa kabla ya hapo huenda hamkuchanjwa. Karanga na mahindi mnayojilimia nayo yaangalieni: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ikikutana na virusi hivi kwenye mwili mmoja huongeza sana hatari ya saratani ya ini, kwa hiyo kausheni mazao vizuri juu ya turubai na msile wala kuwapa mifugo yaliyoota ukungu. Mama na ninyi watoto wote nendeni mkapimwe damu. Atakayekutwa na virusi aanze kliniki ya ini hata kama anajisikia mzima, na asiye navyo achanjwe dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza.